Baraza la Kijiji na Makazi ya Mwananchi

Oktoba 1980 mapigano yalizuka Koboko na Arua. Wananchi kwa maelfu walikimbilia Zaire na Sudan, wakaziacha nyumba zao. Wengi waliporejea miaka ya 1980, ardhi yao ya kimila haikuwa na hati. Mashahidi wa mipaka walikuwa wazee na majirani.

Mabaraza ya vijiji yaliyoundwa baada ya Januari 1986, leo yakiitwa LC, yalipewa uwezo wa kusikiliza mashauri ya ardhi hiyo. Sheria ya Ardhi ya 1998 nayo ikaitambua milki ya kimila.

Basi askari, ukiombwa kumwondoa mtu nyumbani kwake, uliza kwanza: baraza linajua nini? Amri ya mahakama iko wapi? Kuhamisha watu ni kazi ya siku moja. Kuwarudisha huchukua miaka.