Andalio la somo la kusoma na kuandika, darasa la pili (pwani ya Tanga)

Andalio la somo ni mpango wa kipindi kimoja, unaotokana na azimio la kazi na muhtasari wa Taasisi ya Elimu Tanzania. Kwa darasa la pili kipindi ni dakika 30. Katika pwani ya Tanga, kuanzia Mkinga hadi Pangani, watoto wengi huingia darasani wakiwa wanakisema Kiswahili vizuri, na baadhi yao nyumbani huzungumza pia Kidigo au Kibondei. Wanachokosa si lugha. Wanachokosa ni njia ya kutoka kwenye sauti wanayoijua hadi kwenye herufi.

Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza mwaka 2015 ulipunguza idadi ya masomo, ukazipa stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu (KKK) takriban asilimia 80 ya muda. Afya na mazingira pamoja na michezo na sanaa viligawana sehemu iliyobaki. 

Njia hiyo ya kutoka kwenye sauti hadi kwenye herufi huhitaji msaada wa hatua kwa hatua, dhana iliyopewa jina na Wood, Bruner na Ross mwaka 1976: mjuzi humsaidia mwanafunzi katika lile asiloliweza bado, kisha hupunguza msaada kadiri anavyomudu. Katika kusoma, mwalimu husoma kwanza, wakasoma pamoja, halafu mtoto akasoma peke yake. Chukua maneno ya ufukweni. "Dema", mtego wa samaki unaosukwa, lina silabi nyepesi, de na ma. "Nyavu" na "ngalawa" huleta nya na nga. "Pweza" huja baadaye, kwa sababu pwe humtatiza mtoto aliyezoea konsonanti moja na irabu moja. Siku ya kwanza kadi za silabi huwa mezani na mtoto huzipanga; siku ya pili kadi moja huondolewa; siku ya tatu huandika neno zima kwa imla.

Hapa ndipo maandalio mengi hulegea. Safu ya shughuli za mwanafunzi hujaa neno "kusikiliza", na darasa zima huimba ukurasa kwa sauti moja. Mtoto aliyekariri huonekana msomaji hodari. Mwalimu afunike picha, aoneshe neno moja katikati ya sentensi na kuuliza: hili ni neno gani? Jibu lake ndilo linaloamua kipindi cha kesho kianzie wapi.

Kuunganisha masomo hufaa pale tu kusoma kunapobaki lengo. Samaki wa sokoni wanaweza kuhesabiwa na kupangwa mafungu katika hisabati, kisha mtoto akaandika sentensi moja juu ya fungu lake. Kupwa na kujaa kwa maji, jambo ambalo mtoto wa mvuvi hulijua kabla hajaanza shule, hutoa habari fupi ya kusoma na mchoro wa kuelezea. Silikanti, samaki wa kale aliyefanya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ianzishwe mwaka 2009, anafaa sana: jina lake lina silabi tatu rahisi na moja ngumu, nti, nayo habari yake huvuta maswali ya mazingira. Ila kipindi kikiishia kwenye kupaka rangi samaki bila neno kusomwa, hicho ni kipindi cha sanaa, na kiandikwe hivyo kwenye ratiba.

Baraza la Mitihani la Tanzania huandaa upimaji wa KKK wa darasa la pili. Darasa la tatu masomo huongezeka, na kila kitabu humtaka mtoto asome mwenyewe. Kwa hiyo andalio lisiloonesha ni lini msaada utaondolewa, na kwa mtoto yupi, halijakamilika.