Jina la Faili na Kilichomo

Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Walinena hayo kabla kompyuta haijazaliwa; hata hivyo maneno yao yafaa kukumbukwa na kila mtu afunguaye faili.

Tazama jina la faili katika kompyuta. Mwishoni mwake pana nukta, kisha herufi chache: txt kwa maandishi, jpg kwa picha, mp3 kwa sauti. Herufi hizo huitwa kiendelezi. Katika Windows, programu ya kupanga faili haichunguzi kwanza yaliyomo. Husoma kiendelezi, hutazama katika orodha yake ni programu ipi iliyopewa kazi hiyo, kisha huiita. Ukiandika txt mahali pa jpg, picha haigeuki kuwa barua. Lakini hupelekwa kwa msomaji wa barua, naye huonyesha alama zisizo na maana.

Desturi hii ilikuzwa na uhaba. Mwaka 1974 Gary Kildall wa California alitunga CP/M, mfumo wa kuendesha kompyuta ndogo. Nafasi ya kuhifadhia mambo ilikuwa haba sana; basi jina la faili lilipewa herufi nane, na aina yake herufi tatu. Hata nukta yenyewe haikuhifadhiwa. MS-DOS ya mwaka 1981 ilifuata nyayo hizo. Mwaka 1995 Windows 95 iliruhusu majina marefu, walakini mazoea ya kutegemea kiendelezi yalibaki.

Wengine walishika njia nyingine. Tangu mwaka 1973 mfumo wa Unix ulikuwa na amri ya kuchungulia ndani ya faili na kuitambua kwa alama zake za mwanzo. Macintosh ya mwaka 1984 nayo iliandika aina ya faili kando, mbali na jina.

Mazoea yale yalileta msiba mwezi Mei 2000. Watu walipokea barua pepe yenye faili iliyoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows ilikuwa imezoea kuficha viendelezi inavyovijua, kwa hiyo wengi waliona TXT tu, wakadhani ni barua ya mapenzi. Kumbe kiendelezi cha kweli kilikuwa vbs, yaani maagizo ya kutekelezwa. Walipoifungua, ilijituma kwa watu walioandikwa katika vitabu vyao vya anwani, ikaharibu na picha zao. Mamilioni ya kompyuta duniani yaliambukizwa.

Basi, kijana msomaji, jina huandikwa na yeyote apendaye kuliandika, awe mwema au mwovu. Utumiwapo faili, iamuru kompyuta yako ikuonyeshe jina lote mpaka herufi ya mwisho, kisha ujiulize ni nani aliyelitunga, na kwa nia gani. Ndipo ufungue.