Uma wa Paleti: Meno Mbele, Uzito Nyuma

Trekta za mashamba ya Sikuda, katika wilaya ya Busia nchini Uganda, kama trekta nyingi za mashamba yetu, ziliundwa kuvuta. Jembe, haro na tela vyote hukaa nyuma, na dereva amezoea kugeuza shingo. Ukiifunga trekta hiyo loda mbele, yaani ile mikono miwili inayoinuka kwa nguvu ya haidroliki, umebadili kazi yake. Ukiondoa ndoo ya kuchotea mchanga na kupachika fremu yenye vyuma viwili virefu vya kunyanyulia mizigo, umeibadili tena. Fremu hiyo na vyuma vyake ndiyo ninayoitafutia jina.

Jina linalokuja haraka ni uma. Lina kasoro ndogo: uma wa mezani huchoma, huu hupenya chini ya mzigo na kuubeba. Kasoro kubwa iko kwenye sarufi. Katika ngeli ya U-ZI, wingi wa uma ni nyuma. Sasa mwambie dereva aliye kwenye usukani, injini ikinguruma, “Shusha nyuma!” Atashusha nini? Atarudi wapi? Katika Busia na Tororo, ambako Msamia, Mteso na Mjapadhola wakikutana na dereva wa lori kutoka Mombasa hukimbilia Kiswahili, amri ya namna hiyo haifai kuwa na maana mbili.

Kwa hiyo napendekeza kifaa kizima kiitwe uma wa paleti, katika umoja, na vile vyuma viwili viitwe meno. “Shusha meno” haina utata. Pale jino linapopinda kupanda kwenye fremu ni kisigino.

Kuhusu paleti, kuna watakaodai kwamba tunalo neno chaga, lile la mbao za kuwekea magunia ya mahindi yasiguse unyevu wa sakafu. Ni neno zuri, nami ningeliacha ghalani. Chaga yaweza kuwa fito zilizopigiliwa chini kabisa, bila mwanya. Paleti lazima iwe na uwazi wa kuingiza meno, na mbao zinazohimili kunyanyuliwa kutoka chini. Anayechanganya hivyo viwili atavunja kimoja.

Istilahi iliyo nzito zaidi ni kitovu cha mzigo: umbali kutoka kisigino hadi mahali uzito wa mzigo unapojikusanya. Watengenezaji hutaja uwezo wa meno kwa kitovu maalumu, mara nyingi milimita 500, au inchi 24 kwa vipimo vya Marekani. Mzigo ukizidi kutokeza mbele, uwezo ule ulioandikwa kwenye kibati hauupati tena.

Chukua saruji, bidhaa ambayo Tororo imekuwa na kiwanda chake tangu miaka ya 1950. Mfuko ni kilo 50. Mifuko 20 juu ya paleti ni tani moja. Tuseme trekta ina kilo 2,500, na uzito wake umejikusanya mita 1.2 nyuma ya ekseli ya mbele. Ekseli hiyo ndiyo egemeo, na trekta nzima ni wenzo. Upande wa nyuma, 2,500 mara 1.2 ni 3,000. Saruji ikiwa mita 2 mbele ya egemeo, 1,000 mara 2 ni 2,000. Trekta imetulia. Ongeza mifuko 10, upande wa mbele unafika 3,000, na magurudumu ya nyuma hayana uzito tena. Tani ileile moja ikiwa ya mbao ndefu, kitovu chake kikisogea mita moja zaidi, matokeo ni hayohayo bila kuongeza hata kilo. Dawa yake ni uzito wa kusawazisha: tofali la zege la kilo 500 likining’inia kwenye mikono ya nyuma, mita 3 kutoka egemeo, linarudisha 1,500.

Wengi hudhani hatari ni kupinduka tu. Breki za trekta nyingi hushika magurudumu ya nyuma. Yakipungukiwa uzito, unakanyaga breki na trekta inaendelea kuteremka. Ndiyo sababu mteremko hushukwa kinyumenyume, mzigo ukiwa upande wa mlimani, meno yakiwa karibu na ardhi. Isitoshe, ekseli ya mbele imefungwa kwa pini katikati ili icheze kwenye mashimo, hivyo haizuii trekta kulala ubavu mara moja. Mzigo ulioinuliwa juu, gurudumu moja likiingia shimoni, hauna subira.

Kuna jambo jingine ambalo foklifti haina. Mikono ya loda huinuka kwa tao, na kama haina mfumo wa kujisawazisha, kila inavyopanda meno huelekea juu na mifuko huanza kuteleza kuelekea kwa dereva. Lazima ainamishe meno kidogokidogo huku akiinua. Fremu ya uma iwe na kizuizi cha mgongo, kile chuma cha wima kilichosimama juu ya visigino. Ile nguzo ya usalama iliyo nyuma ya kiti humlinda dereva trekta ikipinduka. Mfuko wa saruji unaoporomoka kutoka mbele hauikuti hata kidogo.

Katika wilaya hiyohiyo ya Busia kipo Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa 2007 mahali palipokuwa na chuo cha taifa cha zana za kilimo. Fundi anayehitimu pale anayajua haya yote kwa Kiingereza. Kuli anayesimama mbele ya meno, akionyesha kwa mkono paleti iingizwe wapi, anahitaji kuyasikia kwa maneno yake.