Fagunwa alitangulia, Tutuola akasifiwa

Mwaka wa 1952, kampuni ya Faber and Faber ya London ilitoa kitabu cha Mnigeria mmoja aliyekuwa tarishi katika idara ya kazi mjini Lagos. Jina lake Amos Tutuola, na alikuwa amesoma miaka michache tu. Kitabu hicho, The Palm-Wine Drinkard, ni cha mlevi anayemfuata mgema wake hadi mji wa wafu, akipita pori lililojaa mizimu. Mshairi Dylan Thomas alikisifu gazetini. Mwaka wa 1953 Raymond Queneau alikitafsiri, na hivyo sisi wasomaji wa Kifaransa nasi tukakipata.

Wazungu walishangaa: mambo haya yametoka wapi?

Wayoruba hawakushangaa hivyo. Tangu 1938 walikuwa na kitabu cha mwalimu Daniel Fagunwa, kilichoandikwa kwa Kiyoruba: mwindaji anaingia pori la mizimu na kupambana na viumbe vya kutisha. Kilisomwa sana mashuleni. Mwaka wa 1954 msomaji mmoja aliandikia gazeti la West Africa akilalamika kwamba Tutuola amechota mno kwa Fagunwa, tena kwa Kiingereza kibovu. Hilo la Kiingereza mimi naliacha. Lugha yake ndiyo utamu wa kitabu.

Lakini hilo la kuchota si dogo. Watetezi wa Tutuola husema hadithi za mizimu ni mali ya wote, na kwa sehemu wana haki. Chukueni ile ya kijana mzuri sokoni, ambaye msichana anamfuata hadi porini. Njiani kijana anarudisha miguu kwa mwenyewe na kulipa kodi, anarudisha mikono na kulipa, mpaka linabaki fuvu tupu. Wazee wa Afrika Magharibi waliisimulia kabla Tutuola hajazaliwa. Fagunwa naye hakuanza na mikono mitupu: alichota kwenye hadithi hizohizo za wazee, na wataalamu wanaona kwake alama za John Bunyan, ambaye wamisionari walimsambaza.

Tofauti ni kwamba hadithi ya mzee haina mwandishi, ila kitabu cha 1938 kilikuwa naye, na alikuwa hai. Simwiti Tutuola mwizi. Mlevi wake ni wake, na kichekesho chake hakipo kwa mwalimu yule. Ninaloliona zito ni kwamba London haikuwa na njia ya kujua deni hilo. Kama Fagunwa angeandika kwa Kiingereza, wahakiki wangelitaja siku ya kwanza. Kwa Kiyoruba, alikopwa bila kutajwa, na hata sifa ya kutangulia hakuipata.

Fagunwa alikufa mwaka wa 1963. Kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka wa 1968, kwa kalamu ya Wole Soyinka, miaka 16 baada ya kile cha Tutuola.