Chuo cha umma huamuaje mfanyakazi apewe tarakilishi gani?

Mhadhiri anayeajiriwa katika chuo cha umma nchini Kenya hapewi tarakilishi aipendayo, wala mkuu wa chuo hana ruhusa ya kumnunulia ile iliyomvutia dukani. Kati ya ombi lake na siku atakayokabidhiwa kifaa hicho kuna sheria, kamati kadhaa na, aghalabu, miezi ya kusubiri.

Kwa wakazi wa Nuu, mashariki mwa mji wa Mwingi katika Kaunti ya Kitui, chuo kikuu cha umma kilicho katika kaunti yao ni kile cha South Eastern Kenya (SEKU), kilichoko Kwa Vonza. Chuo hicho kilichipuka kutokana na Taasisi ya Kilimo ya Ukamba, iliyojengwa kwa michango ya harambee. Kilifanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 2008, na kikapewa hati ya kujitegemea mwaka wa 2013. Sawa na Taasisi ya Mafunzo ya Kiufundi ya Wote katika kaunti jirani ya Makueni, chuo hicho hufungwa na Kifungu cha 227 cha Katiba ya 2010, kinachotaka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa wazi, wa ushindani na usiopoteza fedha. Utaratibu wenyewe umo katika Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016.

Safari huanzia kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka. Kila idara hutaja mahitaji yake kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1, na idara iliyosahau huwa imejitia kitanzi yenyewe. Ununuzi hauruhusiwi kuanza kabla ya afisa mhasibu, ambaye katika chuo kikuu ni Naibu Chansela, kuridhika kwamba fedha zipo. Katika mpango huo, angalau asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi hutengewa kampuni za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ni hatia kuigawa zabuni moja vipande vipande ili kukwepa ushindani.

Hata hivyo, hatua inayoamua mambo kuliko zote ni ile isiyozungumziwa sana: kuandika sifa za kifaa kinachotakiwa. Sheria inakataza kutaja jina la kampuni au chapa fulani, isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine ya kueleza kinachohitajika, na hata hapo ni lazima iongezwe kwamba kifaa kingine cha kiwango sawa kitakubaliwa. Kwa hivyo chuo hakiwezi kuagiza HP wala Dell kwa jina tu. Hueleza kasi ya prosesa, ukubwa wa kumbukumbu, aina ya hifadhi, muda wa betri na miaka ya dhamana.

Neno moja likikosekana hapo, hasara huwa ya miaka. Tuseme waraka wa zabuni umetaka hifadhi ya gigabaiti 500 bila kutaja aina yake. Mfanyabiashara ataleta ile ya kisahani kinachozunguka, ambayo ni ya bei nafuu lakini huifanya tarakilishi kujikokota, na atakuwa hajavunja sharti lolote. Kamati ya tathmini hairuhusiwi kubuni vigezo vipya baada ya zabuni kufunguliwa, na katika zabuni ya kawaida ya bidhaa kama hizi mshindi ni yule aliyetimiza masharti kwa bei ya chini zaidi. Kamati ya kukagua na kupokea bidhaa nayo hupima kilicholetwa dhidi ya kilichoandikwa, wala si dhidi ya kilichokuwa moyoni mwa mhadhiri.

Hali ya Ukambani nayo inastahili kuingizwa kwenye waraka huo. Ni nyanda kame zenye joto na vumbi, na vumbi huziba feni za kupoza tarakilishi. Umeme ukipotea ghafla, tarakilishi ya mezani huzimika na kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea, ilhali kipakatalishi huendelea kwa betri. Anayenunua ya mezani bila kifaa cha kuhifadhi umeme kwa muda amenunua nusu ya kitu. Dhamana pia ina mtihani wake: ikiwa karakana ya muuzaji iko Nairobi pekee, yafaa mkataba useme ni nani atakayegharamia safari ya kifaa kilichoharibika.

Mwanazabuni aliyeshindwa na anayehisi kuonewa ana siku 14 za kuwasilisha malalamishi mbele ya bodi ya kukagua rufaa za ununuzi wa umma. Mhadhiri asiyeridhika na kifaa hana mlango kama huo.

Kuhusu nani apewe nini, sheria iko kimya. Hilo huachiwa kanuni za chuo chenyewe. Busara ya kawaida ni kwamba karani asiyeondoka ofisini apewe tarakilishi ya mezani, ambayo ni rahisi kukarabati na si rahisi kuibwa. Mhadhiri anayezunguka kati ya madarasa na mabewa apewe kipakatalishi. Na anayechora ramani au kuchanganua takwimu za utafiti apewe yenye nguvu zaidi. Chuo kinachogawa kwa kufuata cheo badala ya kazi huishia kuwa na mkuu wa kitivo anayesomea barua kwenye mashine ya thamani kubwa, huku mtaalamu wa maabara akingoja nusu saa takwimu zake zifunguke.

Kustaafu kwa mashine nako kuna masharti. Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na tarakilishi nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Zinapoondolewa, hupitia kamati ya kuuza mali, na mfanyakazi wa chuo haruhusiwi kuuziwa isipokuwa pale ambapo kanuni zimeruhusu waziwazi. Kabla ya hapo, alama za wanafunzi na rekodi za wafanyakazi zilizomo hazina budi kufutwa kabisa, kwani chuo kingali na jukumu la kuzilinda chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019.