Waya wa Molekuli: Jina Lililotangulia Kipimo

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia fupi ya dhana ya "waya wa molekuli", yaani molekuli iliyoshikizwa kati ya vipande viwili vya metali ili umeme upite ndani yake. Hoja yetu ni kwamba jina lilitangulia kipimo, na kwamba ilichukua miaka mingi kabla ya vipimo kuonyesha ni wapi jina hilo linafaa na ni wapi linapotosha.

Tuanze na waya wa kawaida. Waya wa shaba ukirefushwa mara mbili, upitishaji wake wa umeme hupungua kwa nusu. Mnamo 1971 Bernhard Mann na Hans Kuhn walichapisha vipimo vya utando wa asidi za mafuta wenye unene wa molekuli moja tu, wakaonyesha sheria nyingine kabisa. Katika minyororo ya namna hiyo, kila atomu ya kaboni inayoongezwa huacha takriban theluthi moja tu ya upitishaji uliokuwapo. Zikiongezwa tano, hubaki chini ya sehemu moja kwa mia. Sababu ni kwamba elektroni hazitiririki kama maji mferejini. Huvuka kizuizi ambacho, kwa fizikia ya kale, kisingevukika.

Mnamo 1974 Arieh Aviram na Mark Ratner walipendekeza kwamba molekuli moja, yenye upande utoao elektroni na upande uzipokeao, ingeweza kuruhusu mkondo upite kuelekea upande mmja tu. Pendekezo hilo lilikuwa la nadharia tupu, kwa kuwa hapakuwa na chombo cha kuishika molekuli moja. Njia ilifunguka mwaka 1981, Gerd Binnig na Heinrich Rohrer walipounda hadubini ambayo ncha yake ya metali huusogelea uso wa kitu hadi elektroni zivuke pengo lililobaki. Mwaka 1997 Mark Reed, James Tour na wenzao walikata uzi wa dhahabu polepole na kupima upitishaji wa molekuli za benzeni, zenye salfa katika ncha zote mbili, ndani ya pengo hilo.

Hata hivyo, swali zito lilibaki: ni molekuli ngapi zilizoshika dhahabu, na zilishika vipi? Palipo na shaka ya namna hiyo, udanganyifu hupata nafasi. Mwaka 2002 kamati ya uchunguzi ilibainisha kwamba Jan Hendrik Schön wa Bell Labs alikuwa amebuni matokeo, yakiwemo yaliyohusu transista za molekuli. Alifukuzwa kazi, na makala zake nyingi zikaondolewa.

Jibu la kuaminika lilitokana na kurudia. Mwaka 2003 Bingqian Xu na Nongjian Tao waligusisha ncha ya dhahabu na uso wa dhahabu na kuivuta tena maelfu ya mara, kisha wakayakusanya matokeo yote pamoja. Kwa molekuli ya bipiridini, vipimo vilijikusanya karibu na sehemu moja kwa mia ya kipimo cha msingi cha kwanta, ambacho ni takriban maikrosimensi 77.5. Mwaka 2006 Latha Venkataraman na wenzake walionyesha kwamba pete mbili za benzeni zikizidi kupindana, upitishaji hupungua. Basi si urefu peke yake unaoamua, bali umbo pia.

Vipimo vya 2008 vilileta jambo lingine. Katika molekuli za aina fulani, urefu ukizidi nanomita 4 hivi, elektroni huanza kuruka kutoka kituo hadi kituo, na athari ya urefu ikafanana tena na ile ya waya wa kawaida.

Kwa hiyo jina "waya" lina haki kwa molekuli ndefu za aina hiyo. Zile fupi ni vivuko. Anayeunda istilahi za Kiswahili za elimu hii asiridhike kulitafsiri jina alilolikuta. Yampasa kwanza aulize kitu chenyewe hufanya kazi vipi, la sivyo mwanafunzi wake ataanza safari na picha isiyo sahihi.