Kijiti Kabla ya Brashi

Bibi yangu, mtu wa Lamu, hakununua mswaki bila kuupinda kwanza. Ukivunjika, alimrudishia muuzaji. Aliutaka mbichi, mnene kama kidole cha mwisho, usio na fundo. Nyumbani alimenya ganda la ncha moja, akaitafuna taratibu hadi nyuzi zikachambuka, ndipo akasugua kutoka ufizini. Nyuzi zikichoka, alizikata kwa kisu akaanza ncha mpya.

Mti wenyewe, Salvadora persica, huota nchi kavu kuanzia Afrika hadi India. Waislamu waliupigia mswaki kwa kufuata sunna karne nyingi kabla William Addis hajaanza kutengeneza brashi Uingereza, yapata 1780. Brashi hizo za zamani zilikuwa na mpini wa mfupa na manyoya ya wanyama. Za nailoni ziliingia sokoni 1938.

Dawa ya meno? Wengi walitumia mkaa uliosagwa na chumvi, vitu vinavyokwaruza jino kuliko kulisafisha, kwa maoni yangu. Kijiti kina ukali wake unaowasha ulimi, ila floridi yake ni haba, na hapo dawa ya dukani inakishinda. Mimi natumia vyote: kijiti kabla ya sala, brashi laini na dawa yenye floridi kabla ya kulala.